Mkono Ulioita Ng'ambo ya Msimbazi

Maji yalikuja bila mvua. Jua lilikuwa linamchoma Badria utosini, mchicha umenyauka kwenye matuta, na bado mto Msimbazi ulivimba ghafla, ukapanda ukingo na kuimeza njia waliyojia. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, Pugu na Kisarawe. Huku bondeni Jangwani, kati ya Kariakoo na Magomeni, yalifika maji yake tu, mekundu, yananguruma, yamebeba migomba na mabati, na ile mifuko ya plastiki, rambo, ambayo tangu biashara huria iwe ruksa ilikuwa imejaa mjini kuliko watu.

Badria alimkamata Harsh mkono, wakakimbilia kichuguu cha udongo chenye mti mmoja wa mkungu juu yake. Walipogeuka, walikuwa kisiwani. Njiani kipande cha bati kilichozama kilimchana Harsh unyayo, kwa sababu Harsh alikuwa pekupeku, na alikuwa pekupeku kwa sababu aliamini mtafiti lazima auhisi udongo kwa ngozi yake. Badria alimwomba Mungu subira. Yake mwenyewe ilikuwa imeisha juzi.

Harsh alizaliwa Uingereza. Alikuja Bongo na wanafunzi wenzake kusoma ikolojia ya nchi za joto na maendeleo endelevu, na Badria, mwanafunzi wa hapa, mtoto wa Magomeni, akapangwa naye wachunguze bustani za mboga za bondeni. Babu yake Harsh, Mzee Ramniklal, mwenye duka la khanga Kariakoo, alimwita Badria pembeni siku ya kwanza.

"Huyu kichwa anacho, macho hana," alimwambia. "Usimwache peke yake, binti yangu."

Badria aliahidi. Sasa maji yalikuwa yakipanda kichuguu.

Alivua mtandio wake akamfunga mguu, akakaza mpaka Harsh akauma meno. Akamuuliza kama hakuwaona watu waliojazana ng'ambo kabla maji hayajafika. Yeye Badria alikuwa ameinama kwenye mchicha akipima matuta. Harsh ndiye aliyekuwa amesimama akiitazama Kariakoo.

"Niliwaona," Harsh alisema. "Walinipungia kwaheri. Na mimi nikawapungia."

"Walikupungiaje?"

Harsh alinyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, akavuta vidole kuelekea kifuani. Badria alifumba macho.

"Harsh, hiyo ni njoo."

"Njoo ni hivi," alisema Harsh, akageuza kiganja juu na kukunja kidole kimoja.

"Ukimwita mtu hivyo huku, atakuuliza kama yeye ni mbwa."

Kumbe ukingo mzima ulikuwa umewaita. Wakulima waliokwisha kukimbia, mama ntilie, wapita njia, wote wamewaita kwa mikono, na huyu bwana amesimama kwenye mchicha anarudisha salamu kwa tabasamu. Badria alitamani kucheka na kumsukuma mtoni kwa wakati mmoja. Badala yake akaomba maji ya kunywa.

Harsh alitoa chupa yake ya bati, kisha akairudisha taratibu. Maji safi aliyamwaga asubuhi ili apate chombo cha kuchotea sampuli ya mto. Na ni yeye huyohuyo aliyemzuia Badria kununua maji ya baridi ya kwenye mifuko, akamhutubia muuzaji kuhusu plastiki mpaka watu wakajaa kusikiliza. Maneno yote aliyokuwa nayo Badria yalikuwa hayasemeki mbele za watu.

Ng'ambo, mtu mmoja alitua furushi. Alikuwa Mwinyimvua, muuza mitumba wa Mchikichini, na furushi lilikuwa la jinzi. Alipaza sauti, mto ukaimeza. Basi akafungua furushi akaanza kufunga jinzi kwa jinzi, mguu kwa mguu, akikaza kila fundo kwa kisigino. Mwishoni akafunga dumu tupu, akapanda kidogo na ukingo kuelekea mto unakotoka, akalirusha. Mara ya kwanza lilipita mbali. Mara ya pili likanasa kwenye mizizi ya mkungu, na Badria akalidaka.

Alimfunga Harsh ile kamba ya jinzi kiunoni, akamkumbatisha dumu, akamwambia aiache chupa.

"Ndiyo kazi yangu yote," Harsh alisema.

"Unahitaji mikono miwili."

Damu ilikuwa imepenya mtandio. Harsh aliitazama, akamwaga sampuli mtoni, kisha, hata hapo, akaitundika chupa kwenye tawi ili asichafue mazingira. Badria alimsukuma. Akazama, akaibuka akikohoa, na wanaume wa ng'ambo wakamvuta mpaka akalala kwenye matope.

Dumu liliporudi, maji yalikuwa yamemfika Badria magotini. Alijifunga kiunoni. Juu ya pale mto ulipinda, na kona haikumruhusu kuona kinachokuja. Aliogopa, aliogopa kweli, na hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Ndipo alipomwona Harsh. Alikuwa amepanda juu ya furushi la Mwinyimvua kwa mguu mmoja, anatazama kona. Kiganja chake kilikuwa wima, kimemkabili. Subiri. Badria alishika mkungu kwa nguvu zote. Likapita gogo, nyuma yake paa zima la kibanda, mahali hasa ambapo angekuwa. Harsh alitazama tena juu ya mto, muda mrefu mno kwa aliyesimama majini. Kisha kiganja kikageuka chini, vidole vikavuta kuelekea kifuani, vikavuta tena na tena.

Badria alijitupa.

Alimeza mto, akapigwa bega na kitu asichokiona, dumu likamponyoka likarudi kifuani. Mikono ikamshika kwapani. Mwinyimvua alimpa pole, kisha akaanza kulalamika kwamba hizi jinzi za daraja la kwanza zimevutika, nani sasa atazinunua labda awe twiga. Mtu akaleta maji ya mfuko. Harsh alimpokonya, akang'ata kona ya plastiki kwa meno, akamnywesha Badria kwanza, kisha akanywa yaliyobaki bila kuhutubia.

Badria alikohoa, akamtazama. Mkono wa pili wa Harsh ulikuwa bado umenyooka, kiganja chini, vidole vinaita.

"Nimeshafika," Badria alimwambia. "Shusha mkono."

Hakuweza. Ikabidi Badria amshushie.