Salamu Isiyoitikiwa

Kila alasiri, nyumbani kwa Maalim Tajudin nyuma ya soko la Nakawa, watoto wa jirani walikaa barazani kusoma Kurani. Ndani ya nyumba ilikuwa marufuku kupiga kelele. Hata sufuria ilishushwa polepole.

Humo ndani Rumaisa, binti yake, alicheza mpira kwenye simu. Msimcheke. Alicheza na kaka yake Fahim, aliyeko Doha kwa kazi ya ulinzi. Walikuwa timu moja, na walizungumza huku wakicheza. Ili asisumbue darasa, Rumaisa alivaa hedseti, yaani spika za masikioni zenye maiki.

Mama yao, Hajara, alikaa karibu akichambua mchele.

"Amesema nini?"

"Amecheka, Mama. Nimekosa goli."

"Amecheka vipi?"

Sasa kicheko mtu atakielezaje? Fahim akimpigia mama yake simu, alisema, "Niko salama, Mama," akakata. Kwenye gemu ndiko alikosimulia na kucheka. Hajara hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu mwanawe aondoke, na alikitamani sana.

Hedseti ya Rumaisa ikaharibika. Alizoea kuuzungusha waya kwenye simu na kuukaza, mwishowe ukakatika kwa ndani. Akaenda kwenye maduka ya Nakivubo, akarudi na nyingine isiyo na waya, nyeusi, yenye taa ya buluu.

"Waya ni mambo ya zamani," alijigamba.

"Na hiyo ya hewani haili bando?" Hajara aliuliza.

"Haili, Mama! Inaungana na simu kwa bluetooth tu."

Lakini raha haikudumu. Fahim alisema "Piga!", na Rumaisa alipiga mpira ukiwa umeshanyang'anywa.

"Mbona unachelewa? Umelala?" Fahim alilalamika.

Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Hedseti haikupata chaji, ikazima bila Rumaisa kujua. Simu nayo alikuwa ameinyamazisha kwa ajili ya darasa. Hakusikia kitu, akadhani ni mtandao. Kisha ujumbe ukaingia: "Nimewasalimu mpaka nimechoka. Hata salamu hamuitikii? Kama mmenichoka, basi. Sichezi tena."

Katika nyumba ya maalim, kuacha kuitikia salamu si jambo dogo. Hajara aliweka ungo chini.

"Bambi, maskini mwanangu," alisema, akalia.

Jirani yao Valarie, Mkenya, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Yeye hupokea simu za wateja ofisini, hedseti kichwani kutwa nzima. Alimkuta Hajara akifuta machozi, akaelezwa yote.

"Pole, Mama Fahim. Hebu nione." Aliigeuzageuza hedseti. "Hii si mbovu. Ni nzuri ya kusikilizia kaswida ukipika. Lakini sauti ikipita hewani kwa bluetooth, inachelewa kidogo. Kwa kaswida hutajua. Kwa gemu, mpira umeshaenda. Na ukiwasha maiki, mara nyingi sauti inazidi kuwa mbaya."

"Kwa hiyo zote za hewani hazifai?" Rumaisa aliuliza.

"Ziko zingine na kidude chao cha kuchomeka kwenye simu. Hizo ni haraka, lakini bei iko juu, na bado zinataka chaji. Hapa kwetu stima ikipotea utafanya nini? Yangu ya kazi iko na waya. Haichelewi, haiombi chaji."

"Kale, haya basi," Hajara alisema. "Tununue ya waya."

"Angalieni kwanza kama simu iko na tundu la duara la kuchomeka waya. Simu zingine mpya hazina. Jaribuni maiki hapo hapo dukani. Na wewe Rumaisa, waya unakunjwa polepole, haufungwi kama mzigo wa kuni!" Kisha akamtazama Hajara. "Mama Fahim, unataka kumsikia pia? Ulizeni kigawanyio. Ni waya mfupi wenye matundu mawili. Wawili mnasikia pamoja. Mimi nitawapa hedseti yangu ya zamani."

Hajara alimkumbatia.

Kesho yake, hedseti ya waya na kigawanyio vikiwa vimenunuliwa, Rumaisa alimbembeleza Fahim kwa ujumbe: "Njoo leo tu, kaka." Hedseti mpya yenye maiki alimvalisha mama yake, yeye akavaa ile ya Valarie.

"Asalaam aleikum," Fahim alisema. Sauti ilikuwa kavu.

Rumaisa akamgusa mama yake gotini.

"Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu."

Fahim akashtuka.

"Mama? Kumbe na wewe unacheza?"

"Nicheze nini mimi? Nimekuja kukusikia ukicheka."

Fahim akacheka. Hajara alizikamata spika kwa mikono miwili.

"NDICHO HICHO!" alisema. "NDICHO KICHEKO CHAKE!"

Aliyeziba masikio hajui anavyopiga kelele. Barazani watoto waliacha kusoma. Maalim Tajudin akasimama mlangoni, uso umekunjamana.

"Hajara! Kelele gani hizi wakati wa darasa?"

Rumaisa alimwashiria asogee. Alivua spika zake, akamvalisha baba yake juu ya kofia. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo ilibidi maalim akae chini, bega kwa bega na mkewe.

Alisikiliza. Uso ukakunjuka. Watoto walichungulia mlangoni, misahafu mkononi, wakimngoja.

"DARASA LIMEKWISHA!" maalim aliwaambia, kwa sauti iliyofika hadi sokoni. "NAZUNGUMZA NA MWANANGU!"