Mwenyeji wa Kiwanja cha Ukunda

Ndani ya ndege mlikuwa na harufu ya udi, na ndege haifukizwi. Kaingu, rubani, alimwuliza fundi wake Mselem kama kuna mtu aliyelala humo. Mselem alisema labda panya, ingawa hajapata kusikia panya wa kujifukiza.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Kiwanja kilikuwa ukanda wa changarawe uliokatwa msituni na Serikali iliyoondoka, kikarithiwa na Serikali iliyokuja, pamoja na tingatinga bovu. Kabla ya kuruka, Kaingu husoma kwa sauti orodha ya ukaguzi: mafuta, vifuniko vya tangi, milango, usukani; kila neno na mkono juu ya kitu chenyewe. Siku za mwanzo alisoma bila kuinua macho, na watazamaji walipomsalimu hakujibu. Habari ilimtangulia kijijini kwao Mwabungo. Walisema Kaingu siku hizi anasalimiana na mawingu tu, na mama yake akaona haya kwenda kisimani. Tangu hapo hakuacha salamu ya mtu.

Asubuhi ile ya udi, alipofika kwenye vifuniko, sauti ya mama mtu mzima ilimjia dirishani: hujambo, mwanangu. Akaamkia shikamoo, akaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mvua. Maana salamu za pwani nazo ni orodha, tena kongwe kuliko ya ndege. Zilipokwisha akaendelea na milango. Angani, petroli ikaanza kutiririka juu ya bawa: tangi halikufunikwa. Aligeuza ndege, akatua. Mselem aliapa kwamba hakuona mama yeyote, na changarawe iliyonyeshewa haikuwa na unyayo. Ofisi ilitaka, kwa maandishi, jina la mama huyo na anwani yake.

Mselem akampeleka kijiji cha Munje kwa mganga, Bi Mwanafatuma, ambaye alifukiza, akasikiliza, akasema kwa sauti ya chini kwamba msitu ule una mwenyewe, jini wa kike, na wenye tingatinga hawakupiga hodi.

"Yeye anakusalimu tu," alisema. "Kitakachokuua ni kuendelea pale unapodhani uliachia. Mjibu, kisha anza mwanzo. Akirudia, anza mwanzo."

"Mbele za watu, bibi?"

"Aibu haijaua mtu." Akachochea makaa. "Ila anayeikimbia."

Kwa miezi kadhaa dawa hiyo ilifaa. Kisha akaletwa Kanze kutoka Vanga, uchungu umemshika tangu jana, mtoto amelala vibaya tumboni, na waganga wa hospitali wamesema apelekwe Mombasa upesi. Kiti cha mbele alikikalia Bwana Rai, afisa wa wilaya, aliyerithi kwa Mzungu ofisi, kofia na tabia ya kutazama saa.

Kaingu akasoma. Hujambo, mwanangu. Akajibu mpaka mwisho, akaanza upya. Hujambo, mwanangu. Akaanza upya. Watu ukingoni wakaanza kucheka.

"Rubani," alisema Bwana Rai, "unazungumza na nani? Au kusoma ndiko kunakokushinda, tukuletee mwalimu?"

Nyuma, Kanze aliguna. Masikio ya Kaingu yakawaka. Sauti ikasalimu tena, naye akajibu kwa kunong'ona, akijificha kama mwizi, kisha kwa haya akashika pale alipodhani aliachia.

"Usukani?" akasoma bila kuugusa.

"Uko huru," ikajibu sauti, safari hii nyuma ya shingo yake.

Ndege ikakimbia, minazi ikakimbia, udi ukamjaa kifuani, akavuta usukani nao haukuja, kwa kuwa pini ya chuma ambayo Mselem huichomeka usukanini ndege ikiegeshwa ili upepo usiuchezeshe ilikuwa ingali pale pale, na utepe wake mwekundu ukimgusa goti, ukimgusa tangu asubuhi, akazima injini, akakanyaga breki, na changarawe ikaisha na msitu ukaanza na matawi yakawapokea kwa kishindo kirefu, mpaka vyote vikanyamaza.

Wote walikuwa hai. Bwana Rai alikuwa akiitafuta kofia yake. Kaingu hakuthubutu kugeuka nyuma.

"Kaka," aliuliza Kanze, macho kayafumba, kwa adabu ya mtu aliyebebwa na wengine, "tumefika Mombasa?"



"Mmefika," ilisema sauti nje ya mlango, na sasa hata Bwana Rai aligeuza kichwa. Kitasa kikaanza kuzunguka polepole. "Karibuni kwangu."