Mpini Uliopimwa kwa Mkono Wangu

Jioni ile nilikwenda kuanua dagaa, basi. Sikwenda kutafuta neno lolote.

Ilikuwa Ikola, mwaka 1956, mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari. Siku ya arobaini na moja tangu ziwa limchukue mume wangu, Ubaldo. Mtumbwi ulirudi. Yeye hakurudi. Padri alimsomea Misa, lakini sikuwa na kaburi la kupigia goti. Hilo ndilo lililokuwa likinila. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, anirudishie mwili nimzike.

Ubaldo alikuwa fundi wa mipini ya fimbo za kuvulia. Fimbo yenyewe ni mwanzi tu, kila mtu anaweza kuukata. Mpini ndio kazi. Aliuchonga kwa mninga: huu kichwa cha samaki kuhe, huu shingo ya korongo, huu mamba aliyefumba macho. Hata makarani wa mgodini Mpanda walikuja kupimwa. Alizungushia kijiti nta ya nyuki kutoka Inyonga, iliyopashwa moto, mwenye fimbo akaikamata kwa nguvu, halafu Ubaldo akafuata alama za vidole kwa kisu. Mpini ukiisha, unaingia kwenye mkono wa mtu mmoja tu.

"Usipime mkono wa mtu mwingine kwa mkono wako," aliniambia siku aliyonifundisha. "Utakuwa umejitoa wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jioni ile wifi yangu Bibiana alikuwa akianua dagaa zake karibu na zangu.

"Wifi, nasikia sasa unachonga mwenyewe. Ni mipini ile, au mwiko wa ugali?"

"Njoo na njaa yako, nitakupa mmoja uutafune."

Tukacheka. Kicheko changu cha kwanza tangu msiba. Akajitwisha ungo wake akaenda. Mimi nikabaki na ungo wa mwisho.

Ndipo nikasikia harufu. Si ya dagaa. Ni ya matope ya chini kabisa... yale ya baridi, yanayopanda na nanga.

Mtu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, mikono ndani. Blanketi lilikuwa likichuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha.

"Mama," alinong'ona. "Nataka mpini."

"Fundi amefariki, baba."

"Najua. Na alipo napajua."

Ungo ulinidondoka.

"Nichongee. Siku ya tatu nitamleta."

Ningemwuliza jina. Ningefanya ishara ya msalaba. Badala yake nilisema, "Njoo jikoni, nipashe nta nikupime mkono."

Hakusogea.

"Mikono yangu mibovu. Pima kwa wako."

Tip... tip... Maji yalidondoka mchangani.

"Unataka umbo gani?"

"Lolote. Mkono tu uwe mzima."

Maneno ya Ubaldo niliyakumbuka. Nasema kweli mbele ya Mungu, niliyakumbuka vizuri sana. Kisha nikaingia jikoni, nikaweka nta motoni, nikaikamata kwa nguvu.

Nilichonga siku tatu. Nilimtoa korongo aliyelala, kichwa chini ya bawa. Kila nilipoujaribu mpini, vidole vyangu vilizama mahali pake kama kwenye unga uliokandwa. Siku ya tatu, jua likitua, niliuweka juu ya kichanja cha dagaa. Nikafunga mlango. Nikashika rozari.

Sikusikia hatua.

Tip... tip...

Halafu kimya.

Asubuhi Bibiana alipiga yowe ufukweni.

Ubaldo alikuwa amelala kwenye matete. Siku arobaini na nne majini, na uso wake mzima, kama mtu aliyejinyoosha baada ya chakula cha mchana. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekamata mpini wangu. Mpini huo ulikuwa umeshafungwa kwenye mwanzi, na kutoka kwenye ncha ya mwanzi mshipi uliingia ziwani.

Katekista Telesphor alijaribu kuvifungua vile vidole. Vilikataa.

"Mkono mkubwa hivi," alisema polepole, "umeingiaje kwenye mpini mdogo hivi?"

Nikaficha kiganja changu ndani ya kanga.

Wanaume wakauvuta mshipi. Walivuta pima thelathini, mwisho hawakuuona. Wakaukata. Tukamzika Ubaldo na mpini mkononi.

Watu wana maelezo yao. Wanasema maji ya chini kule ni baridi, yanahifadhi. Wanasema wiki ile mgonjwa mmoja wa ukoma kutoka ng'ambo alionekana akipita vijijini amejifunika blanketi. Labda aliuona mwili kabla yetu.

"Sawa," Bibiana aliwajibu. "Lakini nyie niambieni, ni mtu gani anaagiza mpini kisha anamwachia maiti?"

Kaburi nimelipata. Nalipigia goti kila asubuhi na Mungu namshukuru.

Lakini tangu mazishi, jua likitua, kiganja changu cha kulia kinalowa. Nakifuta, kinalowa. Kisha kitu kinavuta. Kidogo tu... kama samaki anayeonja chambo. Kaburi la Ubaldo liko upande wa mlimani. Mvuto unatoka ziwani.

Mshipi ulikatwa. Niliona kwa macho yangu ukikatwa. Ila waliukata huku, kwenye mwanzi. Ule mwisho mwingine hakuna aliyeuona.

Nisameheni mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Wa kulia Bibiana ameufunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda. Jana ulivutwa mara moja, nikasema Salamu Maria, mvuto ukaacha.

Leo jua bado halijatua.

Kitanda kimesogea.