Tilla wa Kwenye Picha

Mtoto kwenye picha alikuwa amegeuza shingo.

Leberecht Odenthal alikumbuka vizuri alivyomchora: binti yake Tilla, kigodani jikoni, akimenya viazi, kawapa watu mgongo. Picha za namna hiyo, za wakulima na masufuria yao, ndizo zilizomtoa kwenye kijiji chake mkoani Hesse, Ujerumani, zikampa jina hadi jiji la Düsseldorf. Sasa shavu la mtoto lilionekana. Akayalaumu macho yake, akalifunika shavu kwa nywele mpya.

Kesho yake ikatokea pua. Chumba kikanuka siki, ile aliyokandwa nayo Tilla homa ilipompanda kabla hawajamzika. Halafu picha ikakohoa.

Walburga, shemeji yake aliyemtunzia nyumba tangu afiwe na mke, akaangusha kuni mlangoni.

"Shemeji," alinong'ona, "siku Tilla alipokata roho, si nilifungua dirisha roho ipite? Nani alilifunga?"

"Mimi."

"Wewe! Na desturi unaijua!"

"Rangi ya picha hii ilikuwa mbichi, Walburga. Masizi ya jirani yangeganda juu yake."

"Ukamfungia mtoto humu kwa ajili ya masizi? Bwana wee, una moyo au una brashi?"

Kikohozi kilikuwa kimeanza tena, kile kile kikavu kilichomuua, na kila kilipopanda turubai ilitutumka kama kifua, na uso ukazidi kugeuka, pole pole, mpaka macho ya Tilla, mekundu kwa homa, yakamtazama baba yake, na Leberecht, aliyekuwa akiomba kila siku amwone tena mara moja tu, akatamani kupofuka. Akimfungulia, hatamwona tena. Asipomfungulia, mwanawe atakohoa milele.

Akafungua dirisha. Baridi ikaingia.

"Baba, si ulinikataza kukaa dirishani?" sauti ikasema. "Nitaumwa."

"Nenda, mwanangu. Hutaumwa tena."

"Na wewe unakuja?"

"Nakuja. Tangulia."

Vidole vidogo vya baridi vikamgusa mkono, vikapita. Kwenye picha kigoda kilibaki kitupu. Walburga akafanya ishara ya msalaba huku analia, na Leberecht akanyoosha mkono afunge.

"Basi nakungoja hapa," sauti ikasema chini ya dirisha, kwenye theluji, na kukohoa kukaanza upya.