Sehemu ya Nne ya Pendekezo la Stumai

Saa nne asubuhi haikuwa ikifika katika jiji la Segera kabla kila mzee hajajuliwa hali. Kazi hiyo ilikuwa ya wajuliahali, vyombo vya mabawa manne visivyozidi ukubwa wa birika la chai. Chombo kilitua barazani, kikapiga hodi kwa adabu zote, kikauliza, "Shikamoo bibi, umeamkaje leo?" Ndani yake mlikuwa na kichambuzi, yaani msimbo unaoyakata maneno ya mtu vipande vipande na kukiweka kila kipande katika kisanduku chake: jina hapa, hali hapa, haja pale. Kisanduku cha hali kikisomeka "salama," chombo kiliruka kwenda nyumba ya pili. Kikisomeka "mgonjwa," tabibu alikuwa mlangoni kabla chai haijapoa.

Watu wa Segera walijivunia vyombo vyao, wee acha tu. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kuvitazama. Majirani nao walikuwa wameacha kugongeana milango. Ya nini, na mjuliahali ameshapita?

Kichambuzi hicho alikiandika Dakta Nasra Shemhilu, miaka ishirini na mmoja iliyopita, akiwa bado msichana wa maabara. Sasa alikuwa mwalimu mkuu wa misimbo chuoni, na kila mwaka alipewa kazi ya kupima mapendekezo ya wanafunzi waliotaka kutengeneza msimbo huria, ule ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua, kuukagua na kuurekebisha. Swali lake kwa kila pendekezo lilikuwa moja tu: je, kazi hii inaingia katika wiki kumi na mbili? Vijana walikuwa na tabia ya kutaka kuhamisha mlima kwa kijiko, na Nasra alisifika kwa kuwapunguzia mlima bila kuwavunja moyo.

Pendekezo la Stumai Semkiwa, mwanafunzi wa mwaka wa nne, lilifika Jumatatu. Stumai alitaka kuandika maktaba mpya ya uchambuzi, mkusanyiko wa misimbo ambao chombo chochote kingeweza kuutumia kuelewa usemi wa wazee. Ilikuwa na sehemu nne. Ya kwanza ilitenganisha salamu na habari yenyewe. Ya pili ilisikiliza maneno mpaka mwisho. Ya tatu ilizoea matamshi ya Wabondei, Wasambaa na Wazigua. Hizo tatu zilikuwa ngumu kwelikweli. Ya nne ilikuwa nyepesi: kuipitisha maktaba hiyo juu ya sauti za zamani zilizohifadhiwa ghalani, kuorodhesha wazee ambao kichambuzi cha sasa kiliwakatiza kabla hawajasema shida zao, kisha kuitoa orodha hadharani.

Nasra alipoisoma hiyo ya nne, aliweka kikombe cha chai mezani, akaisoma tena.

Alijua. Alikuwa akijua muda wote huo. Zamani zile betri zilikuwa dhaifu na kila chombo kilikuwa na nyumba mia sita za kuzunguka, naye akaweka kanuni ya mkato: jibu la kwanza likionyesha uzima, mazungumzo yafungwe. Akaijaribu kwa wanafunzi wenzake, watu wa kujibu neno moja na kukimbilia darasani, ikafanya kazi vizuri ajabu. Lakini yeye mwenyewe alilelewa Muheza na mama aliyemfunza kwamba salamu haijibiwi kwa shida. Unaitikia salama kwanza, unamshukuru Mungu, unamuuliza mwenzio habari za nyumbani kwake, ndipo unasema kwamba mguu umevimba tangu juzi. Hata anayekata roho huitikia salama. Nasra aliyajua hayo kama anavyojua jina lake, akajiambia atarekebisha baadaye. Baadaye zikaja tuzo, na baada ya tuzo aliona haya kusema.

Basi akachukua kalamu, akaandika: "Wigo ni mpana mno kwa wiki kumi na mbili. Ondoa sehemu ya nne." Funika kombe mwanaharamu apite.

Kesho yake Stumai akaja ofisini.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umeyasoma maoni yangu?"

"Nimeyasoma, Dakta, nashukuru sana. Sina neno."

"Vizuri. Wigo ndio unaowaangusha wengi."

"Ni kweli, Dakta. Ila hiyo ya nne, kwa hesabu zangu, ni kazi ya wiki moja tu. Na nilidhani..."

"Mwanafunzi hudhani kila kitu ni kazi ya wiki moja," alisema Nasra, macho makavu, huku ameshasimama na mkoba begani. "Nenda kaanze na hizo tatu."

Stumai akasimama, akashukuru tena na kutoka. Nasra alirudi kukaa. Uongo wenyewe haukuwa umechukua hata dakika tano, lakini nafsi ilimsuta vibaya sana. Angeondoa ile ngumu ya matamshi, mtu yeyote angemwelewa. Yeye alikuwa ameondoa nyepesi, tena kwa kisingizio cha uzito.

Alhamisi mchana uvumilivu ukamwisha. Akafungua ghala la sauti, akachagua moja pasipo kuangalia. Alikuwa mzee wa mtaa wa Reli.

"Marahaba, marahaba," ilisema sauti. "Salama, mwanangu, tunamshukuru Mungu. Nawe hujambo? Haya. Sasa, huyu mwenzangu tangu jana hali chakula, na nikimwita..." Hapo mabawa yakaanza kuvuma. "Subiri basi, mwanangu, sijamaliza."

Kwenye kisanduku cha hali paliandikwa: salama. Nasra alijifunika uso kwa mtandio, akalia. Kilichomuuma zaidi ni lile neno mwanangu. Mzee alikuwa amekiita chombo mwanangu, na chombo hakikuwa na lake. Kilikuwa kikimtii Nasra.

Ijumaa asubuhi akamwita Stumai. Safari hii hakungoja salamu zikamilike.

"Nilikudanganya," alisema. "Sehemu ya nne haina tatizo la wigo. Ina tatizo langu mimi. Hicho kichambuzi ni changu, na kasoro yake naijua tangu siku nilipokiandika. Irudishe. Nitaweka saini sasa hivi."

Stumai hakuonyesha mshangao. Alitoa kibao chake cha kielektroniki mkobani, akakiweka mezani taratibu.

"Nimeshaifanya, Dakta. Niliimaliza kwa msimbo wa majaribio kabla ya kuandika pendekezo. Nilitaka tu ipite kwa njia ya halali."

"Wako wangapi?"

"Elfu moja mia tatu na kumi na sita. Hao ni wale waliokufa ndani ya siku saba baada ya kukatizwa. Wa mia mbili na nne ni bibi yangu, mzaa mama."

Nasra akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Dakta? Wewe ni mwalimu wangu."

Nasra akaitazama orodha. Juu yake, kama ilivyo desturi ya msimbo huria, paliandikwa jina la msimbo uliokosea, tarehe yake, na mwandishi wake. Mbele ya neno mwandishi hapakuwa na kitu.

"Hapa pako wazi," alisema.

"Nilipaacha wazi mwenyewe," alijibu Stumai, macho chini. "Niliona si adabu."

Nasra akakivuta kibao. Akakosea herufi mara mbili, akafuta, akaandika tena mpaka jina lake likasomeka lote. Kisha akaweka saini ya kukubali pendekezo zima.

"Niwekee niisikie sauti ya bibi yako," alisema kwa sauti ya chini. "Tafadhali, mwanangu."

Stumai akakichukua kibao, akakirudisha mkobani na kufunga zipu.

"Utaisikia siku tutakapoitoa, Dakta," alisema. "Pamoja na watu wote."