Kazi Hii Imekuchosha Wapi?

Mvulana aliyeitwa Kesho aliamka amechoka. Si uchovu wa mtu aliyecheza mpira, hapana. Ni uchovu wa mtu anayelala chumba kimoja na mtoto anayeota meno. Usiku kucha mdogo wake alilia kama king'ora, na kila mwenye masikio mle ndani alikesha naye. Asubuhi mama alikuwa ameshasimama mbele ya pasi ya mkaa, macho mekundu, ananyoosha mashati ya watu. Shangazi, dada yake baba, alikuwa uani anakanda udongo wa vyungu kwa miguu, huku anapiga miayo mikubwa mpaka mbwa wa jirani naye akaambukizwa.

"Ndoo ya maji iko wapi?" mama aliuliza.

"Naileta, mama."

"Lini?"

Kesho alifungua mdomo. Mama akamwahi: "Ole wako uniambie kesho!"

Jina lake lilitoka hapo hapo. Alipozaliwa alipewa jina zuri tu, lakini lilikufa kwa kukosa matumizi. Ukimwambia aoshe vyombo, kesho. Akate kucha, kesho. Shangazi alikuwa akiapa kwamba hata siku ya kuzaliwa, mkunga alimsubiri mpaka akasinzia kwenye kiti.

Shuleni, chumba cha sanaa kilikuwa mwisho kabisa wa jengo, karibu na vyoo. Mwalimu wa sanaa alifundisha pia hesabu na michezo, kwa hiyo kipindi cha mwisho kilipofika alikuwa ameegemea ukuta kama ngazi iliyosahauliwa na mafundi. Mashati yake yote yalikuwa na madoa, na wanafunzi walimwita Mwalimu Rangi. Alijua. Alikuwa amechoka mno kukasirika.

"Tukumbushane," alisema siku hiyo ya Jumatatu. "Sanaa za kuonekana ni zipi?"

"Ni zile zinazoonekana!" alijibu Bonge kutoka dawati la nyuma, na darasa likacheka.

"Umejibu kama mtu anayesema maji ni yale yenye maji. Haya, sikilizeni. Wimbo unausikia, halafu umepita. Lakini picha, kinyago, chungu, kikapu, vinakaa pale pale vinakutazama. Hizo ndizo. Anayechora kwa penseli yumo. Anayepaka rangi yumo. Mchongaji anapunguza: anatoa mti usiotakiwa mpaka kinabaki kinyago. Mfinyanzi yeye anaongeza, udongo juu ya udongo. Msusi anapitisha ukili wa majani ya mkindu juu, chini, juu, chini. Anayechapa anachonga umbo, analipaka wino, anagandamiza kwenye karatasi. Na mpiga picha naye anavizia mwanga kama paka anavyovizia panya."

"Mwalimu, kupiga picha si kubonyeza tu?" aliuliza Msumari, msichana mwembamba aliyekaa dawati moja na Kesho.

"Bonyeza basi, utuletee picha ya kisigino chako."

Mwalimu Rangi alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku aliyokuwa na homa. Mwanafunzi akileta kazi, hakumuuliza ameipendaje wala ameifanyaje. Alimuuliza, "Kazi hii imekuchosha wapi?" Maana kila sanaa, alisema, inachosha mahali pake. Uchoraji unachosha macho. Uchongaji unachosha kiganja. Ususi unachosha ncha za vidole. Mtu akikujibu "haikunichosha popote", ujue kuna mwenzake aliyechoka badala yake.

"Sasa, Ijumaa ni siku ya wageni," aliendelea, na sauti ikashuka. "Mnajua Mwalimu Mkuu anakitaka chumba hiki kiwe stoo ya madawati mabovu. Mwaka jana mtu mmoja alileta chombo cha maua cha mama yake, bei ya dukani imebandikwa chini. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu Mkuu hakucheka. Amesema safari hii akiona kazi moja tu ya kuazima, tunatoka. Kazi zenu nazitaka Jumatano."

Kesho aliinama chini ya dawati kama anayetafuta penseli. Kazi hiyo walipewa mwezi uliopita. Yeye hakuwa ameanza.

Jioni ile alichukua bonge la udongo wa shangazi. Alilikanda, akatoa vijiwe, akaviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, kama alivyoona siku zote. Mtoto alipolia alimbeba mgongoni, akaendelea. Giza lilipoanza, palikuwa na kijichungu kimesimama, kimepinda upande mmoja kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

"Ebo!" shangazi alishangaa. "Kumbe una mikono! Kiweke kivulini kikauke taratibu. Juma lijalo nitakuchomea pamoja na vyangu."

"Juma lijalo? Hakiwezi kuchomwa kesho?"

"Mwanangu, udongo hauna haraka. Ukiupeleka motoni na maji ndani, utakupigia kelele."

Maisha yake yote Kesho alikuwa akiwaambia watu wangoje. Mara hii moja tu udongo ulimwambia yeye angoje, naye akakataa. Jumanne alipotoka shule, shangazi alikuwa amekwenda kuchimba udongo na mama alikuwa akimbembeleza mtoto ndani. Jiko la makaa ya pasi lilikuwa limewaka vizuri uani. Kesho akakitia kijichungu chake juu ya makaa, akachutama kusubiri.

Hakusubiri sana. *Pwaa!* Vipande viliruka, majivu yakapaa kama wingu, yakatua taratibu juu ya mashati meupe yaliyokuwa kwenye kamba.

Mama alitoka mbio, mtoto begani. Alimtazama Kesho kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaona hajaungua. Akayatazama mashati. Kesho alisubiri kofi, au angalau matusi mawili matatu. Mama alimpa mtoto ambebe, akaanua shati moja moja, akamimina maji kwenye beseni, akaanza kufua upya. Kesho aliona heri angepigwa.

Jumatano asubuhi, wakati kila mtu anahangaika na chai na mtoto, alipita dirishani kwa shangazi. Pale kilikaa chungu kidogo chenye mfuniko, na juu ya mfuniko ndege amelala, kichwa kakificha chini ya bawa. Shangazi alikuwa na vyungu vya kuuza, lakini hiki hakikuwa cha kuuza. Alikifinyanga mwaka aliofiwa na mumewe. Kesho akakizungushia sweta, akakitia kwenye mkoba.

Darasani kazi zilipangwa juu ya meza. Msumari alikuwa na kikapu.

"Kimekuchosha wapi?"

"Hapa, Mwalimu," akaonyesha vidole vilivyochanwa na ukili. "Na hapa kitako kidogo, kwa kukaa."

Bonge alichapa samaki kwa kiazi alichokichonga. "Kimenichosha kwenye uvumilivu. Kile kiazi nilitaka kukila tangu mwanzo."

Watoto wakacheka. Mwalimu Rangi akafika kwa Kesho. Akakitazama kile chungu, akapitisha kidole ubavuni mwa ndege.

"Kimekuchosha wapi?"

"Mgongo," Kesho alisema haraka. "Na mabega."

Mwalimu alikuwa bado anamtazama pale mlango ulipofunguliwa. Mwalimu Mkuu, mama mrefu mwenye miwani kifuani, aliingia na kipimio cha fundi; alikuwa amekuja kupima madawati mangapi yataenea. Macho yake yakaangukia yule ndege. Akakiweka kipimio mezani.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha Kesho!" darasa zima likajibu.

"Wewe?" Alikinyanyua chungu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. "Chungu kama hiki peke yake kinatosha kunibadilisha mawazo. Ijumaa utasimama nacho mbele. Na utawaonyesha wageni ulivyomtengeneza huyu ndege."

Alipotoka, wenzake walimnyanyua Kesho juu juu. "Umetuokolea chumba, bwana!" Msumari alipiga kelele. Kesho alicheka kwa meno tu. Mwalimu Rangi hakushangilia. Alikusanya chaki zake, akaenda kufundisha hesabu darasa jingine.

Jioni nyumbani palikuwa pamechafuka.

"Wifi, chungu changu umekipeleka wapi?" shangazi aliuliza mlangoni.

"Mimi? Chungu chako nikifanyie nini?" Mama alikuwa amerudi na mzigo mwingine wa nguo. "Mikono yangu ina nafasi ya kuhamisha vyungu?"

"Si wewe uliyefagia chumbani kwangu?"

"Nimefagia, ndiyo. Ningejua kufagia ni kuiba, ningeacha takataka zikae!"

"Sikusema umeiba."

"Umesema kwa macho, wifi!"

Wanawake hao wawili walikuwa wameishi nyumba moja miaka mingi bila kutupiana neno baya. Usiku ule walikula wamepeana migongo. Mtoto, kwa mara ya kwanza juma zima, alilala fofofo. Kesho ndiye aliyekesha sasa. Aligeuka kulia, akageuka kushoto. Akisema, chumba kimekwenda, na Msumari na Bonge hawatamsamehe. Akinyamaza, Ijumaa atapewa udongo mbele ya wageni, na mama atabaki mwizi machoni pa wifi yake. Kulipokucha mwili wote ulimuuma, na hakuwa ameinua hata kijiko.

Alhamisi baada ya masomo alimkuta Mwalimu Rangi peke yake chumbani, kiatu kimoja kavua, anajikanda mguu.

"Mwalimu, shikamoo. Kile chungu si changu. Ni cha shangazi. Nilisema mgongo kwa sababu naona yeye anavyoushika."

"Marahaba," mwalimu alisema polepole. "Nilijua. Vidole vya aliyemfinyanga yule ndege ni vipana kuliko vyako; alama zake zimebaki ubavuni."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja mwenyewe aseme. Sasa mwenye kusema amesema kwangu, lakini si mimi peke yangu niliyedanganywa." Akavaa kiatu. "Twende ofisini. Nitasimama nyuma yako, ila mdomo wangu sitakuazima."

Mwalimu Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akajifuta macho kwa vidole viwili. Naye alionekana hakulala.

"Unajua nilisema nini kuhusu kazi ya kuazima?"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini wenzangu hawakuazima. Nifukuzwe mimi kwenye chumba, chumba kibaki."

"Wewe ulifanya kazi gani, hasa?"

"Nilifinyanga chungu, kikapasuka motoni. Nilikichoma kabla hakijakauka."

"Kilikuchosha wapi?"

Kesho hakutegemea swali hilo kutoka kwake. Alifikiri. "Visigino, kwa kukanda. Halafu hapa chini ya kidole gumba, kwa kulainisha ukingo. Na shingo, kwa sababu nilikuwa nimembeba mtoto. Mama ndiye aliyechoka zaidi. Alifua mashati mara mbili kwa ajili yangu."

Mwalimu Mkuu akamtazama Mwalimu Rangi, kisha akamtazama Kesho tena. "Nenda ukafinyange kingine. Sasa hivi. Ijumaa asubuhi kitakuwa bado kibichi, na kitakaa mezani kibichi hivyo hivyo. Nitapita kwa kila mtoto na kumuuliza swali hilo. Nikipata jibu moja la uongo, madawati yanaingia mchana huo huo. Na chungu cha watu kirudi kwao leo."

Kesho alirudi chumba cha sanaa, akafanya kazi mpaka jua likashuka. Kisha akakibeba kile chungu hadi nyumbani, akakiweka mbele ya mama na shangazi pamoja, akasema yote bila kupumua. Shangazi akamgeukia mama.

"Wifi, nisamehe. Macho yangu yalikosea."

"Na mdomo wangu ulizidisha," mama alijibu. Halafu wote wawili wakamgeukia Kesho, na adhabu aliyopewa ilikuwa ya ndoo: za mama asubuhi, za shangazi jioni, mpaka mtoto amalize kuota meno. Naye mtoto alikuwa na meno mawili tu.

Ijumaa wageni walijaa. Mwalimu Mkuu alipita meza kwa meza na swali lake. Msumari akaonyesha vidole. Mmoja aliyepiga picha ya sisimizi akaonyesha magoti, maana alilala chini tangu asubuhi hadi kivuli kikahama. Mchongaji akaonyesha lengelenge. Mwisho kabisa, juu ya ubao wenye unyevunyevu, palikuwa na chungu kibichi kisicho na mfuniko wala ndege. Wageni walitaka kukigusa, Kesho akawazuia.

"Bado kina maji. Lazima kikauke kivulini kwanza. Mimi nilifanya haraka, kikanipasukia," akasema, na akawaeleza yote, pamoja na sehemu ya aibu. Mgeni mmoja alicheka, lakini alikaa mpaka mwisho akisikiliza.

Wageni walipoondoka, Mwalimu Mkuu alikikunja kipimio chake. "Madawati yatakaa nyuma ya jiko," alimwambia Mwalimu Rangi. "Chumba kimejaa tayari."

Watoto walishangilia. Kesho hakuwa na nguvu za kushangilia. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Mwalimu Rangi akajishusha akaketi kando yake, magoti yakilia.

"Umechoka?"

"Sana, Mwalimu. Lakini si kama juzi."

"Juzi ulichoka na uongo, mwanangu. Kazi inachosha mwili, na mwili ukiulaza unapona. Uongo unachosha mahali ambapo hakuna kitanda. Ndiyo maana mtu mwaminifu, hata kazi yake ikipinda, hata ikipasuka, atapata pa kupumzikia. Fanya kazi yako mapema, ipe muda wake, na uiite yako ikiwa ni yako."

Aligeuka kuona kama maneno yameingia. Kesho alikuwa ameshalala, mdomo wazi, udongo umemkaukia vidoleni. Mwalimu akawaashiria wengine wapunguze kelele, kisha naye akafumba macho.