Kinda wa Tassia

Katika nyumba ya Phelister kule Tassia hakuna aliyezungumza kwa sauti. Phelister alinong'ona, mumewe alinong'ona, hata watoto wao wawili waligombania mpira kimya kimya, midomo ikicheza tu. Muhonja, aliyekuja kuchukua kinda wa kasuku, alidhani kuna mgonjwa chumbani. Hakuuliza. Tangu amzike mumewe, Wakoli, hakuwa na hamu ya kuuliza lolote. Alikula bila kuonja, akaenda kanisani, akarudi.

Khavere, dada yake, ndiye aliyemshauri afuge kasuku, angalau nyumba isikie sauti. Muhonja alianzia kwa Nyamai, mfugaji mwenye kibali pale Donholm, akaonyeshwa kinda ambaye bado alilishwa uji kwa bomba la sindano.

"Mama, huyu usimchukue saa hii," Nyamai alimwambia. "Ngoja mvua iishe, ajue kula mwenyewe. Halafu uje ukae naye kidogo, uone kama mtapatana."

Lakini kungoja kulimchosha. Mtu akamtajia Phelister wa Tassia, na sasa Phelister alikuwa akimsukumia kikapu mikononi.

"Mchukue tu," alinong'ona. "Enda naye."

Kinda alikuwa wa kijivu, manyoya nusu nusu, akinuka jivu lililomwagiwa maji. Hakumtazama Muhonja machoni. Alimtazama mdomo.

Jumapili Khavere alikuja kuwaona. Aliinama juu ya kikapu, akacheka kile kicheko chake cha kujaza chumba. "Sasa, mrembo? Utaniita shangazi?"

Asubuhi iliyofuata Muhonja alikuwa akikoroga chai aliposikia kicheko kile kile sebuleni. "Sasa, mrembo? Utaniita shangazi?" Hakuwa ndege anayeiga. Alikuwa Khavere mwenyewe, pamoja na kile kikohozi kidogo anachomalizia nacho kila akicheka. Muhonja akampigia simu amsikilizishe. Simu ikapokelewa, pakawa na pumzi tu, kisha Patrobas, mume wa Khavere, akaichukua.

"Shemeji, ameamka hana sauti. Daktari ameangalia koo, haoni kitu."

Muhonja akaketi. Alijua anapaswa kuogopa, ila woga ulikuwa mbali, kama redio ya jirani.

Mchana ule stima zikapotea, friji ikanyamaza, na kinda akaanza kuwatoa wengine, kwanza watoto wawili wakigombania mpira, kisha Phelister akiwakaripia, kisha mwanamume akiomba maji, kisha watu asiowajua, wazee kwa wachanga, wakiitana majina, wakisali, wakibembelezana, wote wakitoka katika kifua kidogo kama ngumi ambacho hakikuwa kikipumua, hadi mwishowe akarudi Khavere, safari hii akilia, akisema, "Muhonja, nitoe humu."

Alimrudisha Tassia. Akakuta mlango una kufuli, wenyewe wamehama. Nyamai, aliposimuliwa, hakutaka hata kikapu kivuke kizingiti chake. Alimwelekeza kwa bibi mmoja wa Majengo anayezungumza na majini.

Bibi alifukiza ubani. "Wataka nini?" akakiuliza kikapu.

"Za kuiba nimezichoka," sauti ya Khavere ikajibu. "Nataka ya kupewa."

Bibi akamgeukia Muhonja, akashusha sauti. "Anataka sauti ya mtu anayeitoa kwa hiari. Akiipata, hizi nyingine ataziachilia. Lakini usikubali, mwanangu. Tutamsomea polepole, atachoka."

"Na dada yangu?"

"Hilo sikuahidi."

Muhonja alitafuta ndani yake kitu cha kumzuia, asikione. Kwani alikuwa akiongea na nani siku hizi?

"Chukua yangu," akasema.

Bibi akapiga ukelele. Kinda akalala chali kikapuni, mwepesi na mkavu, kama amekufa zamani.

Muhonja alipofika nyumbani simu ikalia.

"Imerudi!" Khavere alikuwa akicheka na kulia. "Muhonja, sauti imerudi! Muhonja? Mbona hunijibu?"

Kabla hajakata simu, alisikia mtu nje, kwenye ngazi, akibisha kwa jirani yake Ayuma.

"Ayuma, mpenzi, hebu toka kidogo. Sema nami."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, Muhonja, changamfu kuliko ilivyowahi kuwa tangu msiba.

"Naja, mama!" Ayuma akaitika, na komeo la mlango wake likaanza kufunguliwa.

Ndipo woga ulipomfikia Muhonja, wote kwa pamoja. Akakimbilia mlangoni, akaufungua, akapanua mdomo kumwonya.